Umri wa Mashine Si Ugonjwa Wake

Mashine ya boti ikigoma kuwaka pale mwaloni Ggaba, Kampala, ufuoni mwa Ziwa Victoria, hukumu hutolewa kabla kifuniko hakijafunguliwa. "Mzee, hiyo imekwisha. Tafuta mpya." Abiria aliyechelewa husema hivyo, mchuuzi wa mukene, yaani dagaa, husema hivyo, na siku hizi husema hivyo hata mafundi wenye spana mkononi. Maoni hayo yameenea kutoka Ggaba hadi Munyonyo na Port Bell, yakavuka hadi Kasenyi na Nakiwogo upande wa Entebbe, na yanasikika hata mezani kwa wanaotoa mikopo. Mashine kuukuu, wanasema, haitengenezwi, inabadilishwa.

Maoni haya ni potofu, na gharama yake inawaangukia watu wenye kipato kidogo kuliko wote walio ziwani.

Kabla ya kuyapinga, ni haki yaelezwe kama wenyewe wanavyoyaeleza, maana wanaoyashikilia si wajinga. Wanasema kwanza kwamba mashine kuukuu huzimika katikati ya maji na watu wakafa. Pili, kwamba matengenezo yakifika nusu ya bei ya mashine mpya, mwenye akili hununua mpya. Tatu, kwamba vipuri halisi vya mashine za zamani havipatikani, na vinavyouzwa Kampala vingi ni bandia. Nne, kwamba mashine za zamani zinakunywa petroli kupita kiasi na kumwaga mafuta katika maji yaleyale ambayo jiji linakunywa. Kila hoja kati ya hizo ina chembe ya ukweli ndani yake. Tatizo ni hitimisho linalobebeshwa juu ya chembe hiyo.

1. "Mashine kuukuu inaua"

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo ichunguzwe kwa muda mrefu zaidi.

Tarehe 24 Novemba 2018, chombo cha starehe kilichoitwa MV Templar kilizama karibu na ufuo wa Mutima, wilayani Mukono, na zaidi ya watu 30 walikufa. Tangu siku hiyo jina la Templar hutajwa kila mara mtu anapotaka kulaani mashine za zamani. Lakini polisi walieleza mambo kadhaa kwa pamoja: chombo kilikuwa kimebeba watu kupita uwezo wake, hali yake ya kiufundi ilikuwa mbaya, na hakikuwa na leseni ya kufanya kazi hiyo. Ubovu wa kiufundi ni kweli ulikuwepo. Hata hivyo, ubovu na umri ni mambo mawili. Umri husomwa kwenye kibao cha mashine. Ubovu hauonekani mpaka mtu aupime, tena mtu mwenye mamlaka ya kuzuia chombo kisiondoke.

Agosti 2023, boti iliyotoka Lwanabatya, Kalangala, kuelekea Kasenyi ilizama ikiwa na mkaa, vyakula na dagaa. Watu 20 walikufa. Polisi walitaja mzigo uliozidi na hali mbaya ya hewa. Hawakutaja mwaka wa mashine.

Mfano unaowabana zaidi watetezi wa mashine mpya uko ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha. Miezi michache kabla ya hapo kilikuwa kimefanyiwa matengenezo makubwa ya injini zake mbili. Injini hazikuwa tatizo. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101 kilikuwa kimebeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, tena na mizigo. Nguvu ya injini haina msaada wowote kwa chombo ambacho uzito wake umehamia upande mmoja.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa Ziwa Victoria kila mwaka. Vifo hivyo huletwa na dhoruba za ghafla, kupakia kupita kiasi, kukosa jaketi okozi, mbao zilizooza na safari za usiku zisizo na taa. Mashine kuzimika ni sehemu ya hatari hiyo, na hakuna sababu ya kuificha: boti isiyo na nguvu hugeuka, ikalaza ubavu wake kwa mawimbi, na hapo maji huanza kuingia. Lakini mashine yoyote huzimika. Maji yakiingia katika petroli, inazimika. Magugu maji yakiziba tundu la kuvuta maji ya kupozea, inachemka na kuzimika, na magugu hayo, ambayo yamekuwa upande wa Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hayaulizi risiti. Wavu ukijizungusha kwenye pangaboi, mpya na kuukuu husimama sawasawa.

Kinachookoa watu saa hiyo ni mashine ya pili, nanga yenye kamba ndefu, makasia na jaketi okozi kwa kila kichwa. Mwenye boti aliyekusanya fedha zake zote na za ndugu zake akanunua mashine moja mpya ya nguvu farasi 40 kwa kawaida hana mashine ya pili. Ile kuukuu ya nguvu farasi 15 ameiuza ili kujazia bei. Anatoka Ggaba akiwa na kitu kimoja kinachong'aa na hana akiba yoyote, na jirani zake wanamwambia kwamba sasa yuko salama zaidi. Aliyefufua 40 yake ya zamani kwa sehemu ya fedha hizo, akabaki na 15 imelazwa sakafuni mwa boti pamoja na kidumu chake cha mafuta, ndiye aliyenunua usalama.

2. "Nusu ya bei, nunua mpya"

Kanuni ya nusu ya bei inarudiwa kwa uhakika mkubwa kana kwamba imepimwa mahali. Kasoro yake ni kwamba inalinganisha bili na bei, badala ya kulinganisha gharama na miaka ya kazi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mashine mpya inauzwa 100. Kufufua ya zamani kikamilifu, pamoja na pistoni, ringi, gasketi, beringi na pampu ya maji, kunagharimu 55. Kanuni inasema nunua mpya. Lakini ikiwa iliyofufuliwa itafanya kazi miaka 3 na mpya miaka 5 kwa matumizi yaleyale, iliyofufuliwa inagharimu kama 18 kwa mwaka na mpya inagharimu 20. Ongeza sasa mkopo. Mtu akikopa ile 100 kwa riba ya 2% kwa mwezi, isiyopungua, kwa mwaka mmoja, analipa 124, na gharama ya mwaka inapanda hadi karibu 25. Kanuni imemwelekeza kwenye njia ya gharama kubwa, naye anaamini ameokoa fedha.

Huo ni mwanzo tu wa gharama. Mashine mpya haiwezi kuachwa mwaloni. Wizi wa mashine katika visiwa na mialo ya ziwa hili ni jambo ambalo kila mvuvi analijua, na wezi hawapotezi usiku wao kwa mashine iliyochubuka rangi. Jioni utawaona vijana wawili wamepitisha mti chini ya mashine, wameibeba mabegani kutoka boti hadi stoo ya kulipia, na asubuhi wanairudisha kabla ya mapambazuko. Zile za thamani ndizo hubebwa kwanza. Ulinzi huo una bei, na hakuna anayeuandika kwenye karatasi anapolinganisha mpya na kuukuu.

Halafu kuna hatari ya kupokonywa. Mwaka 2017 jeshi la Uganda lilianza kusimamia sheria za uvuvi ziwani, na boti za chini ya futi 28 pamoja na nyavu haramu zimekuwa zikikamatwa na kuchomwa. Mvuvi anayefungwa na mkopo wa mashine mpya hana nafasi ya kusimama hata wiki mbili akirekebisha boti yake ifikie urefu unaotakiwa. Deni linamsukuma majini na chombo kisichokubalika, na siku atakayokamatwa atapoteza chombo huku deni likibaki. Mwenye mashine kuukuu isiyodaiwa anaweza kuivua, kuiweka ndani na kungoja.

Na je, hiyo mpya ni mpya? Mashine zilizotumika huingia Afrika Mashariki kutoka Japan na Falme za Kiarabu, zikapakwa rangi na kubandikwa stika. Mnunuzi makini hutazama vichwa vya bolti: rangi ikiwa imepita juu ya bolti na juu ya kibao cha namba, mashine hiyo imeshafanya kazi katika maji ya mtu mwingine, na pengine yalikuwa maji ya chumvi. Aliyekataa kufufua mashine anayoijua historia yake amenunua kuukuu isiyojulikana kwa bei ya mpya.

3. "Vipuri hakuna, na mafundi wanabahatisha"

Hapa wapinzani wamechanganya mashine za zamani zote katika kapu moja. Johnson ya miaka ya 1980 ni jambo moja. Kampuni ya OMC, iliyounda Johnson na Evinrude, ilifilisika Desemba 2000, na mrithi wake aliacha kabisa kuunda Evinrude mwaka 2020. Mwenye Johnson iliyovunjika giaboksi ana haki ya kukata tamaa. Lakini somo la Evinrude linawageukia wapenda upya pia: aliyenunua mpya kabisa mwaka 2019 alijikuta mwaka uliofuata na mashine ambayo haiundwi tena.

Mashine inayobeba maisha ya wavuvi wa ziwa hili ni nyingine. Ni Yamaha Enduro ya mipigo miwili, yenye kabureta na kamba ya kuvuta, ambayo umbo lake la msingi limebadilika kidogo mno kwa miongo. Kwa sababu hiyo kipuri cha leo huingia katika mashine ya miaka mingi iliyopita. Silinda iliyokwaruzwa hupanuliwa, ikawekwa pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25, na ikichakaa tena, kwa milimita 0.50. Maana yake ni kwamba walioiunda walitarajia ifunguliwe na kurudishwa kazini. Anayesema kufufua ni kulazimisha mashine iishi kupita wakati wake anapingana na walioichora.

Bandia zipo, hilo halina ubishi. Katika soko la Kiseka, Kampala, kuna vipuri halisi na kuna vya kudanganya, wakati mwingine kwenye meza moja. Dawa yake ni kumjua muuzaji, kulinganisha na kipuri kilichotoka, na kukataa impela ya mpira iliyo ngumu kama plastiki. Kununua mashine nzima mpya ili kukwepa impela bandia hakumalizi tatizo, kwa kuwa mashine mpya nayo itahitaji impela, na itanunuliwa palepale.

Kuhusu mafundi, lawama ina msingi, lakini imeelekezwa pabaya. Fundi anayebahatisha anabahatisha kwa sababu mteja hamlipi apime. Anamlipa awashe. Kupima mashine ya mipigo miwili hakuchukui asubuhi nzima. Fundi huanza chini: anafungua skrubu ya giaboksi na kuacha mafuta yadondoke kwenye kiganja. Yakiwa ya rangi ya asali, vizuri. Yakiwa yamegeuka chai ya maziwa, maji yameingia kupitia sili, na sili hiyo ikibadilishwa mapema giaboksi inapona. Ikiachwa miezi, giaboksi inakufa. Halafu anatoa plagi zote na kuziangalia moja moja, anafungia kipimo cha mgandamizo katika tundu la plagi, anafungua mafuta hadi mwisho na kuvuta kamba mara kadhaa kwa nguvu, silinda baada ya silinda. Namba zikikaribiana, kwa tofauti isiyozidi 10% hivi, tumbo la mashine lina afya hata kama kifuniko kimefungwa kwa waya. Namba moja ikianguka, kuna ringi au ukuta wa silinda unaodai kufunguliwa. Mwisho anaiwasha ndani ya pipa la maji na kutazama tundu dogo la nyuma kama linatema maji bila kukatika.

Mafuta ya giaboksi, plagi, mgandamizo, maji ya kupozea. Baada ya hapo mtu anaweza kuzungumza juu ya mpya au kuukuu. Kabla ya hapo anakisia, hata kama anakisia kwa sauti kubwa.

Vipimo hivyo vingefunua pia jambo ambalo wapenda mpya hawalitaji: mashine za Kampala hazifi kwa uzee. Ziwa Victoria ni la maji baridi. Chumvi inayokula alumini na kuziba njia za kupozea huko Zanzibar na Mombasa haipo hapa, kwa hiyo miaka 10 ya Ggaba si sawa na miaka 10 ya Malindi, Unguja. Mashine za hapa huuawa kwa mikono. Mchanganyiko unaotakiwa kwa Enduro ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili katika kidumu cha lita 20. Mtu anayemimina kwa macho, au anayetumia oili ya gari kwa kuwa ni nafuu, anakwangua silinda kila safari. Anayewasha mashine kwenye maji ya kina kifupi anavuta mchanga ndani ya pampu. Anayeona maji ya kupozea yamekatika na akaendelea "mpaka tufike" ameshafika mwisho wa pistoni zake.

Mikono hiyohiyo ndiyo inayopewa mashine mpya. Mashine mpya ya mipigo miwili inataka oili mara mbili, 25 kwa 1, katika saa 10 za mwanzo, na inataka isikamuliwe hadi mwisho. Ni mwenye boti gani anayeanza kulipa deni wiki hiyo atakayeendesha polepole na mzigo nusu? Ongeza kwamba uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini ya kabureta hupoteza nguvu kwa karibu sehemu moja ya kumi. Iliyofungwa pangaboi la pwani na jeti ya pwani hulemewa tangu siku ya kwanza, ikachafua plagi na kunywa petroli. Mashine kuukuu iliyofanyiwa kazi na fundi wa hapa mara nyingi imesharekebishiwa mambo hayo.

4. "Zinachafua maji tunayokunywa"

Hoja ya nne inastahili heshima zaidi kuliko inayopewa na wanaoitumia. Mitambo ya maji ya Ggaba huvuta maji kutoka Ghuba ya Murchison, jirani na mwaloni, na mashine ya mipigo miwili yenye kabureta hutoa sehemu kubwa ya petroli yake bila kuungua, pengine robo yake. Ulaya na Marekani zilizibana mashine hizo hadi zikatoweka madukani mwao. Mwenye kujali afya ya Kampala hawezi kupuuza hilo.

Lakini mvuvi anayeambiwa atupe Enduro kuukuu kwa ajili ya maji safi anauziwa nini? Kwa kawaida Enduro nyingine ya mipigo miwili. Uchafu ni uleule. Kabureta iliyosafishwa, plagi sahihi na ringi mpya hupunguza moshi na mafuta kwa gharama ndogo kuliko mashine nzima. Kubadilisha kunaleta faida ya kweli pale tu mtu anapohamia mipigo minne, ambayo hutumia petroli kidogo zaidi. Kwa boti ya abiria inayotoka Ggaba kila siku na kulala karibu na fundi aliyefunzwa, mabadiliko hayo yana maana, na mwenye boti hiyo anapaswa kuyafikiria. Kwa mvuvi wa kisiwani, aliye saa kadhaa kutoka kwa kompyuta inayoweza kusoma hitilafu ya injini ya kisasa, mashine ambayo haifunguki kwa spana ni hatari mpya.

Mashine zinazopaswa kuachwa zipo. Bloku iliyopasuka, kranki iliyopinda, silinda iliyoshapanuliwa hadi kikomo, giaboksi iliyokatika meno katika modeli isiyo na vipuri: hapo fedha za matengenezo zinatupwa, na fundi mwaminifu atasema hivyo kabla ya kupokea hata shilingi. Sehemu nzima zing'olewe na ziuzwe. Mwenye boti akope kwa ajili ya mpya, akijua anakopa kwa sababu gani.

Linalodaiwa ni kwamba uamuzi huo utanguliwe na vipimo. Sheria ya Uganda ya usafiri katika maji ya ndani, ya mwaka 2021, imeweka msingi wa kusajili na kukagua vyombo. Mkaguzi anayeshuka Ggaba au Kasenyi na abebe kipimo cha mgandamizo, aandike namba za silinda na hali ya mafuta ya giaboksi, kisha ahesabu jaketi okozi na kuuliza iko wapi mashine ya pili. Na chama cha akiba na mikopo kinachokubali kumkopesha mvuvi 100 kwa mashine mpya kimkubalie pia 55 ya kufufua aliyonayo, kwa karatasi ya vipimo iliyosainiwa na fundi, badala ya kumrudisha nyumbani kwa kuwa hana risiti ya duka.